Barua kumi na nne na fulana hamsini

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama na vijana 28 hapa Sahare, Tanga, tunasafisha ufukwe na mitaro na tunaokota chupa za plastiki tunaziuza kwa kilo. Tumesajiliwa halmashauri. Mwaka jana tuliandika barua kwa makampuni 14 kuomba ushirikiano. Moja tu ndo ilijibu, wakaja na fulana 50 zenye nembo yao, wakapiga picha na sisi wakaondoka. Kuna mtu katuambia kampuni ni lazima kisheria isaidie jamii, ni kweli? Wenzetu wanapataje? Tunakosea wapi? Na hizo fulana tuzivae au tuziache?"

Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana kwa kazi. Nimeisoma ile barua uliyoambatanisha, nimeirudia mara mbili, na nataka nianze na sentensi yake ya mwisho manake nusu ya jibu lako iko hapo. Mmeandika "tunaomba mabuti, glovu, toroli, reki na chochote mtakachojaliwa." Sasa fulana ndo hicho chochote. Kampuni imejibu barua kama ilivyoandikwa. Fulana za promosheni huwa hazikosekani stoo, gari lipo, mwenye kamera yupo, asubuhi moja tu kazi imekwisha na kila mtu karudi ofisini.

Mimi nilikaa miaka tisa upande wa wanaozifungua hizo barua, ofisi ya mahusiano ya kampuni moja Dar, alafu nikahamia kwenye asasi nikawa miongoni mwa wanaozituma. Kule ofisini barua inaingia masijala, inapigwa muhuri, inafika kwa meneja mahusiano ambaye mezani kwake tayari kuna harusi, kuna bonanza la mpira, kuna paa la msikiti, kuna kinanda cha kwaya, kuna madawati, kuna mgonjwa anatakiwa kwenda India, na zote zinaanza na "tunaomba". Yule dada hana roho mbaya. Ana bajeti iliyopangwa mwaka uliopita na ana bosi atakayemuuliza hili linatuhusu nini sisi, na kama barua haijampa la kumjibu bosi anaiweka chini anachukua inayofuata. Barua yenu imesema mnahitaji nini, haijagusa kabisa kile mnachokijua ambacho wao hawakijui. Na hapo ndo penye utajiri wenu mdogo wangu, nyinyi mnaijua mitaa na mitaa inawaamini, na hicho kitu kampuni hata iwe kubwa vipi haikipati dukani.

Ngoja nikupe mfano wa kweli ambao naupenda kuliko yote. Hospitali ya CCBRT pale Msasani, ambayo nayo ni taasisi isiyo ya kiserikali, ilikuwa inatibu fistula bure. Bure kabisa. Na bado wanawake walikuwa hawaji, kisa nauli. Mama yuko kijijini mikoani huko, anavuja mkojo tangu uzazi uliomharibikia, mume kaondoka, ndugu wanamkwepa, nauli ya basi mpaka Dar ataitoa wapi. Mwaka 2009 wakakaa na Vodacom, ambao M-Pesa yao hapa Tanzania ilikuwa na kama mwaka mmoja tu tangu ianze 2008, wakatengeneza utaratibu: kule vijijini kuna mabalozi, mtu anayemjua mgonjwa anapiga simu, hospitali inatuma nauli kwa simu, balozi anakata tiketi anampandisha mama kwenye basi, na mgonjwa akishafika salama balozi anatumiwa na yeye kitu kidogo cha asante. Basi. Hebu angalia walichopeana hapo. Hela ilikuwepo ndiyo, ila kikubwa kampuni ilitoa ule mtandao wake wa kupitisha pesa ambao hospitali isingeweza kuujenga hata kwa miaka 20, na hospitali ikatoa madaktari na mabalozi wanaoaminika ambao kampuni ya simu isingewapata hata kwa matangazo ya redio kila saa. Ukitoa upande mmoja hakuna kinachobaki. Ukinionesha ushirikiano wowote wa kampuni na asasi nitaupima kwa swali hilohilo, je ukiuondoa upande huu, ule mwingine unaweza kuendelea peke yake? Kama unaweza basi ule ulikuwa msaada, na msaada unaweza kukatika wakati wowote.

Sasa turudi Sahare. Chupa mnazookota zina majina juu yake. Chukueni siku saba mfululizo, msiongeze nguvu wala msipunguze, fanyeni kazi yenu ya kawaida ila kila jioni zitenganisheni kwa kampuni iliyozitengeneza alafu zipimeni kwenye mizani, muandike kwenye daftari: tarehe, eneo, kilo, chapa. Maji ya kampuni fulani kilo kadhaa, soda ya kampuni fulani kilo kadhaa, na mifuko pia muiandike pembeni, manake mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na mkiikuta bado ipo ufukweni hiyo ni taarifa ambayo hata halmashauri na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wangependa kuiona. Andikeni na mtaro upi unaziba mvua ikinyesha na zinazouziba ni zipi. Mkimaliza hizo siku saba mtakuwa na karatasi moja ambayo hakuna meneja yeyote Tanga anayo. Hiyo ndo mnaenda nayo.

Na msiende kwa 14, nendeni kwa wawili watatu ambao chupa zao mmezipima kwa mikono yenu. Na mnapoenda msianzie Dar. Watu wengi wanadhani hela ya jamii yote iko makao makuu kwenye ile taasisi yenye jina la "Foundation", na ipo kweli, ila pale mnashindana na nchi nzima. Nendeni kwa msambazaji wa Tanga, kwa meneja wa tawi, kwa afisa usalama na mazingira kama ni kiwanda. Hawa wana mafungu madogo ambayo hayaulizwi sana, wana magari yanayorudi matupu, wana karakana, wana mafundi, wana ghala lenye kona isiyotumika. Kwa nyinyi mnaouza chupa kwa kilo, gari linalorudi Dar tupu lina thamani kuliko hundi, manake najua mnachokipata kwa mnunuzi wa hapohapo mtaani sio kile ambacho mngepata mkizifikisha kwa wanaozisaga. Na kona ya ghala inawawezesha kusubiri mpaka mzigo uwe mkubwa badala ya kuuza kwa shida kila Ijumaa. Ombeni hivyo, kitu chenye ukubwa unaojulikana na muda unaojulikana: gari mara moja kwa mwezi, miezi sita, alafu tukae tuangalie.

Ulizeni pia mwaka wao wa fedha unafungwa lini. Mabenki yanafunga Desemba, wengine Juni, wengine Machi, na bajeti huwa inapikwa miezi mitatu minne kabla. Nyinyi barua zenu zina tarehe ya Januari, maana yake kwa wengi mlifika watu wameshainuka mezani.

Kuhusu sheria. Huyo aliyewaambia ni lazima kapatia kidogo na kakosea sana. Hapa Tanzania lazima ya kisheria iko kwenye madini: Sheria ya Madini ilivyofanyiwa marekebisho 2017 inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji atengeneze kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na halmashauri, na 2023 zikatoka kanuni zake kabisa. Kwahiyo kama unasoma hii uko Geita, Kahama au Tarime, mlango wako wewe sio geti la mgodi, mlango wako ni vikao vya kijiji na kata ambako vipaumbele vinaandikwa, na asasi inayosubiri mpaka mpango umeshasainiwa imechelewa mwaka mzima. India wao sheria yao ya makampuni ya 2013 inazitaka kampuni zilizofikia ukubwa fulani zitenge asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu, kwetu hakuna kitu kama hicho kwa kampuni ya soda au benki au kiwanda cha saruji. Wao wanalipa kodi, wanalipa ushuru wa huduma halmashauri, na mkienda na maneno ya "ni haki yetu" atawatolea risiti za ushuru na mazungumzo yataishia hapo.

Kuna jambo lingine la kodi ambalo asasi nyingi hazilijui na linawakosesha nafasi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inaruhusu kampuni ipunguze kwenye hesabu zake mchango iliyoutoa kwa taasisi ya hisani, mwisho asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Ila taasisi yenyewe iwe imetambuliwa na Kamishna wa TRA kuwa ni ya hisani, na kule kusajiliwa peke yake hakukupi hiyo hadhi, unaiomba TRA na unaangaliwa. Mhasibu wa kampuni akiuliza "mna barua ya TRA?" mkabaki mnatazamana, ujue mchango wenu kwake umeshakuwa ghali. Nyinyi ni kikundi cha ngazi ya jamii, sijasema mkimbie kesho kuisaka hiyo barua, mtachoka bure. Tafuteni asasi kubwa kidogo hapo mkoani yenye usajili wa NGO kwa Msajili, yenye hesabu zilizokaguliwa, mkae chini ya mwamvuli wake kwa mradi huu mmoja, hela zipitie kwake na asilimia atakayochukua iandikwe mapema. Alafu kumbukeni NGO zina masharti yake, kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili, kwahiyo mwenye mwamvuli atawauliza karatasi nyingi na asiwaudhi, anajilinda yeye na nyinyi.

Sasa naomba hapa usome taratibu.

Makubaliano yaandikwe. Hata kama ni gari moja kwa mwezi, hata kama meneja ni mtu wa msikiti mmoja na wewe mnasalimiana kila Ijumaa, yaandikwe kurasa mbili za Kiswahili ambazo kila mwanachama wenu anaweza kuzisoma. Yule meneja atahamishwa. Wanahamishwa hao kila baada ya miaka miwili mitatu, na anayekuja atasema mimi sijui hayo mambo, na atakuwa anasema kweli. Muandike nani anatoa nini na lini, nani anapigiwa simu gari lisipokuja. Kama wanataka ripoti kila mwezi, basi muda na vocha za anayeiandika hiyo ripoti walipie, manake makampuni yana tabia ya kulipia kitu kinachoonekana tu kwenye picha alafu yanashangaa kwanini ripoti haiji.

Picha nazo ziandikwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, sura ya mtu sio mali ya mwenye kamera. Mama aliyeshika reki ana haki ya kuulizwa kabla sura yake haijawekwa kwenye bango, na watoto mzazi wao aulizwe. Nimewahi kuona mama mmoja wa kikundi chetu amejikuta kwenye kalenda ya kampuni, chini yake pameandikwa maneno ya kumuonesha kama mtu aliyekuwa hana kitu mpaka kampuni ilipomuokoa, na yule mama alikuwa na genge lake na watoto watatu aliowasomesha mwenyewe. Alilia ofisini kwangu. Mimi ndo nilikuwa nimesaini kwamba picha zitumike "kwa shughuli za kampuni", sentensi pana kama bahari, na tangu siku ile sijasaini tena sentensi ya namna ile.

Na kubwa kuliko yote ni mdomo wenu. Siku kiwanda kinachowapa gari kikimwaga maji machafu kwenye mkondo unaoingia baharini, mtasema au mtanyamaza? Jibuni hilo swali leo, kikao cha wanachama wote 28, kabla ya kupokea hata glovu moja. Wavuvi wa Sahare na Deep Sea watawatazama nyinyi. Wakiona mmenyamaza hamtapoteza heshima tu, mtapoteza kilekile kilichomfanya meneja awafungulie mlango, kwamba mtaa unawaamini, na mtakuwa hamna tena cha kuleta mezani. Kwahiyo iandikwe waziwazi kwenye makubaliano kwamba kila upande una uhuru wa kusema unachokiona kuhusu mazingira, na kwamba kabla hamjaenda kwenye redio au kwa halmashauri mtawapa taarifa kwa maandishi na siku kadhaa za kujibu, labda 14. Hii ya kuwapa siku za kujibu ni heshima na inafanya kazi, nimeiona, meneja mwenye akili anaipenda manake inampa nafasi ya kurekebisha kabla mkubwa wake hajasikia. Akikataa kabisa hicho kipengele, akasema tukisaidiana hatusemani, shukuruni kwa chai muondoke. Najua ni rahisi mimi kuandika hivi na nyinyi mko na toroli lililovunjika, lakini nimeona asasi zilizonyamaza na saivi hakuna anayezikumbuka hata kwenye kata zao.

Kuna na wa kuwakataa tangu mwanzo. Kampuni ya kamari ikiwapa jezi vijana wenu inanunua vijana. Kampuni ya sigara hivyohivyo. Maziwa ya kopo ya watoto yana kanuni ya kimataifa tangu 1981 inayozuia namna ya kuyatangaza kwa akina mama, na kikundi cha akina mama ni mahali wanapopatamani sana. Hapo sina ushauri mwingine.

Umeniuliza wenzetu wanapataje. Wanaodumu wengi wao wana mtu wa tatu katikati. Angalia ile Kili Challenge, mgodi wa dhahabu wa GGM Geita na TACAIDS, ile tume ya serikali ya kudhibiti Ukimwi, wanaifanya tangu 2002, watu wanapanda Mlima Kilimanjaro na wengine wanauzunguka kwa baiskeli, hela inayochangwa inaenda kwenye mapambano ya Ukimwi na asasi zinazofanya hiyo kazi zinapata. Zaidi ya miaka 20 sasa. Kampuni peke yake ingechoka, lakini kwa kuwa serikali iko mezani na makampuni mengine nayo yanachangia, meneja mmoja akiondoka jambo linabaki. Kwenu nyinyi huyo wa tatu ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata na afisa mazingira wa jiji. Mwambieni mapema, akae kwenye kikao cha kwanza, asaini kama shahidi. Kuna watu watakwambia ukimuingiza mtu wa serikali mambo yanachelewa na ni kweli yanachelewa, ila ukimuacha nje siku moja atauliza hiki kikundi kinapokea nini na kutoka kwa nani, na hapo hamtachelewa tu, mtasimama kabisa.

Na muandike mwisho. Hiki kipengele watu wanaona kama ni kujitakia mabaya, kumbe hapana. Vukeni tu mpaka wa Horohoro muende Kwale, Kenya, mkaone, kampuni ya madini ya Base Titanium walichimba pale tangu 2013 na Desemba 2024 wakamaliza, mchanga wenye madini umeisha wamefunga. Kule kufungwa kulijulikana mapema. Lakini kampuni nyingi za kwetu hazifungwi kwa taarifa ya miaka, linakuja tangazo la makao makuu kwamba bajeti imekatwa na mwezi unaofuata gari haliji. Asasi niliyokuwa nafanya kazi ilipatwa na hilo katikati ya mwaka, tulikuwa tumeshaajiri vijana watatu kwa ahadi ya barua pepe, hatukuwa na sentensi hata moja inayosema wakitaka kuacha watupe miezi mingapi. Vijana wale tuliwalipa kwa kuuza pikipiki ya ofisi. Kwahiyo andikeni, upande wowote ukitaka kuacha utoe taarifa miezi mitatu kabla. Na nyinyi kwa upande wenu hela mnayookoa kwa hilo gari wekeni sehemu yake kila mwezi mpaka muweze kukodi gari lenu mara moja, hata kwa kuchangia na kikundi kingine cha Tanga mjini au Pangani.

Barua mpya ikiwa tayari iwe ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza uwe na kilo: kwa siku saba, ufukwe wa Sahare, tumeokota kilo kadhaa za chupa na kati ya hizo kadhaa ni za kwenu. Msiwalaumu, andikeni tu. Mstari unaofuata, tunaomba dakika 30 tuwaoneshe daftari letu. Neno "chochote" lisiwepo popote.

Fulana zivaeni, ni nguo nzuri na mlipewa kwa mikono miwili, zivaeni kwenye usafi wa kila Jumamosi. Isipokuwa zile siku saba za kupima. Siku hizo kila mtu avae nguo yake ya nyumbani, manake mtakuwa mnahesabu chupa za kampuni zote na wenye maduka ya pale ufukweni wakiona nembo ya mmoja kifuani watadhani yeye ndo amewatuma, na daftari lenu litakuwa limeshaharibika kabla hamjalifungua.